Unasomea nani? Kwa wote waliokwama Kijerumani B1

Mimi ni muuguzi hapa Nakuru na nasoma Kijerumani, ile lugha yenye ngazi zinazoanza A1, A2, B1 halafu B2. Wiki jana matokeo yangu ya B2 yalitoka na nimepita moduli zote nne, Lesen (kusoma), Hören (kusikiliza), Schreiben (kuandika) na Sprechen (kuongea), na wacha niseme wazi nimefurahi na sitajificha. Niliweka kwa stetasi usiku nikalala. Asubuhi simu ilikuwa imejaa. Wengi walikuwa wananipongeza, Mungu awabariki, lakini kuna meseji moja ya dada muuguzi huko Kakamega ndio imenifanya nikae chini niandike. Alisema, "Sista hongera sana. Mimi niko B1 tangu mwaka jana, nikifungua kitabu usingizi unanishika, pesa ya kozi imeisha na ajenti hashiki simu. Wewe nguvu ulitoa wapi?"

Nilimjibu kwa kifupi lakini hilo swali huwezi kulimaliza kwa WhatsApp, na najua si yeye peke yake. Kuanzia Nakuru, Kericho, Kisumu mpaka Bungoma, kila wodi ina mtu mwenye daftari la Kijerumani, la der, die, das, kwa mkoba. Tunajuana. So nitaeleza vile ilikuwa kwangu na wewe uchukue ya kukusaidia.

Nilianza kama nyinyi wote. Tarehe 13 Septemba 2024, mbele ya Rais Ruto na Scholz aliyekuwa Kansela wa Ujerumani wakati huo, Kenya na Ujerumani zikasaini ule mkataba wa wafanyakazi kule Berlin, na kabla wino haujakauka kila mtu Nakuru alikuwa anasema kuna nafasi laki mbili na nusu za kazi. Serikali ya Ujerumani yenyewe ikajitokeza kusema hiyo namba si kweli, mkataba hauna idadi yoyote, lakini nani alikuwa anasikiza? Madarasa yakajaa. Sisi tulikuwa kwa chumba kimoja juu ya maduka karibu na Kenyatta Avenue, wauguzi, madereva, vijana wametoka tu kumaliza chuo, watu wamekaa mpaka kwa ngazi, na mwalimu anapaza sauti juu ya kelele za matatu. Mimi sababu yangu ilikuwa pesa na sioni aibu kuisema. Kuna kodi, kuna ada za wadogo zangu, kuna nyumba ya mama haijaisha. Pesa ni sababu halali kabisa na mtu asikudanganye ati ukisoma kwa ajili ya pesa wewe si mtu wa maana.

A1 na A2 sitaongelea, zile unazipita tu ukiwa na bidii kidogo, unajifunza kusema jina lako na kuagiza kahawa na unajiona umefika. Shida ni B1.

Hapo B1 ndio mambo mawili yalinipata pamoja. Moja, lugha yenyewe ikawa nzito, kila sentensi ina mlango wa nyuma. Pili, ajenti. Sitataja jina lake wala ofisi yake, lakini alikuwa amechukua pesa zetu, zingine za mkopo wa sacco, ati ni za kutafsiri vyeti na kupanga mahojiano, na siku moja tukaenda tukapata mlango umefungwa na simu imezimwa. Mpaka leo nikipita hiyo barabara natembea upande ule mwingine. Kuna dada tulikuwa tunakaa naye dawati moja, mzuri kuniliko kwa Kijerumani, kweli kabisa, aliacha siku ileile na hajawahi kufungua kitabu tena. Darasa likabaki watu wa kuhesabika. Nikaendelea kwenda na watu wakaanza kunicheka, ata nyumbani. "Ajenti ametoroka, sasa wewe unasomea nani?"

Hilo neno lilinichoma lakini ndilo lilinisaidia, juu nilijiuliza mwenyewe kwa ukweli, kwani ninasomea nani? Kama ilikuwa ni viza peke yake basi wenzangu walikuwa na haki ya kuacha. Viza ilikuwa imeenda. Sababu iliyo mbali hivyo ni kama tokeni za stima, inakwisha usiku ukiwa katikati ya kazi na wewe ndio unabaki gizani. Mimi nilijipata bado nataka kuendelea na ilinichukua muda kuelewa ni kwa nini.

Ilikuwa ni kukhu wangu.

Wakati nilikuwa mwanafunzi wa uuguzi, bibi yangu mzaa baba aliletwa Nakuru kutoka Kimilili akiwa mgonjwa sana, akalazwa kwa hospitali fulani, na kukhu alikuwa anajua Lubukusu tu. Kiswahili chake kilikuwa cha salamu. Siku ya kwanza nilifika jioni nikapata midomo yake imekauka mpaka imepasuka na amekasirika, amegeukia ukuta. Alikuwa ameomba kamechi, maji, tangu asubuhi, na hakuna mtu alielewa. Alikuwa analalia ule upande unaomuuma na amejaribu kuonyesha kwa mkono na wakadhani anakataa dawa. Kwa faili nikaona wameandika mgonjwa hashirikiani. Kukhu! Mwanamke aliyezalisha nusu ya kijiji, ati hashirikiani. Wauguzi hawakuwa watu wabaya, walikuwa wachache na wagonjwa ni wengi, najua hiyo kazi, lakini walikuwa wanaongea juu ya kichwa chake kama hayuko. Kutoka hiyo siku nikawa nakaa naye kila nikitoka darasani, natafsiri kwa Lubukusu changu cha kuokoteza cha mtoto wa Kaptembwo, mtaa wa hapa Nakuru, na yeye akawa mtu mwingine, anakunywa dawa, anasalimia kila mtu. Alipona akarudi nyumbani akaishi miaka mingine.

Sasa fikiria Ujerumani. Ile nchi ina watu zaidi ya milioni 83 na zaidi ya mtu mmoja kati ya kila watano amepita miaka 65. Ndio maana wanatuhitaji, si kwa sababu wanatupenda. Hao wazee wako kwa vitanda, wengine wana ugonjwa wa kusahau na wamebaki na lugha ya utoto tu, na usiku mlango unafunguliwa anaingia nani? Mimi. Nikaona, kama nitaingia hapo na Kijerumani cha kuagiza kahawa, basi mimi ndio nitakuwa yule anayeandika kwa faili kwamba mzee hashirikiani. Nilikataa. Hapo ndipo Kijerumani kilibadilika, kikawa si mtihani tena, kikawa deni.

Na sasa sikiliza hii, ndio ushauri wenyewe: sababu yako iwe mtu, isiwe kitu. Na huyo mtu akupe kazi ya kufanya leo, si siku utakayopanda ndege.

Nilifanya hivi. Kila shifti nilikuwa nachukua mgonjwa mmoja wa siku hiyo, na nikimhudumia kwa Kiswahili mdomoni, kichwani nasema yote kwa Kijerumani. Namsalimia, namuuliza kama ana maumivu na ni wapi, namweleza ninachotaka kumfanyia na kwa nini. Neno likinikosa naandika mkononi, nikifika kwa nyumba nalitafuta. Hiyo tu. Ukiwa unaeleza mtu kwa nini unafanya kitu lazima utumie weil, yaani kwa sababu, na ukitumia weil kitenzi kinaenda mwisho, kwa hivyo ich drehe Sie, weil Ihre Haut Ruhe braucht, nakugeuza kwa sababu ngozi yako inahitaji kupumzika. Nimeisema mara nyingi mpaka ikikaa vibaya sikio linakataa lenyewe.

Na ile balaa ya Akkusativ na Dativ, vile der, die, das zinabadilika kulingana na sentensi, wale mko B1 mnaijua. Mwalimu alituchorea ubaoni, mishale, visanduku, kila mtu akaandika na hakuna aliyeshika. Mimi iliniingia wodini nikigeuza mzee mmoja asiyeweza kujigeuza, ile kawaida yetu ya kila masaa mawili asipate vidonda vya kulala. Mikono inafanya kazi na kichwani nasema ich drehe Sie jetzt auf die linke Seite. Nikamwekea mto mgongoni, akatulia, nikasema jetzt liegen Sie auf der linken Seite. Nikasimama hapo na mto mwingine mkononi. Akisogea ni die, akishatulia ni der! Mwili wa mzee ulinifundisha kitu ambacho ubao ulishindwa. Na tangu siku hiyo kitanda, kiti, meza ya dawa, vyote vikawa grama, nilikuwa nikipitisha siku nzima nasogeza watu na vitu na kuvitaja.

Wewe labda si muuguzi. Haidhuru. Kama ni dereva, kuna abiria atakuuliza basi linafika saa ngapi na amechelewa kwa mtoto wake. Kama ni mpishi kuna mtu chakula fulani kitamdhuru na anakueleza. Tafuta huyo mtu mmoja, mjue, ongea naye kila siku. Na si Kijerumani tu. Nina rafiki ametoka hapa Nakuru akaenda kuuza mitumba Kibuye, Kisumu, alipofika hakuwa anajua Dholuo zaidi ya erokamano, asante, na saa hii anabishana bei nao mpaka wanashangaa akitaja jina lake. Hakuwahi kuingia darasa. Alikuwa na mama wa meza ya jirani aliyekuwa anamlindia mzigo, akaamua hatamnyamazia huyo mama kila asubuhi. Mtu tena, unaona?

Na hapa wacha niseme kitu kitakachowauma wengine. Vijana wengi wanalipia Kijerumani na hawawezi kumsalimia bibi yao akaelewa. Lugha ni ya kumhudumia mtu kwanza. Kama hujawahi kuhangaika kumwelewa mzee wa kwenu aliye hapo Webuye au Siaya, huyo wa Munich utamhangaikia na nini? Anza na wa kwenu. Piga simu leo, uliza habari za shamba, vumilia akikurekebisha. Huo uvumilivu ndio utakaouhitaji kule. Na wazazi, watoto wa Nakuru mnawalea kwa Kiswahili na Kiingereza peke yake na mnaona ni maendeleo, mimi ningekuwa nimelelewa hivyo kabisa kukhu angekaa na kiu yake.

Kitu kingine, usingoje kupenda kusoma. Kuna jioni nilikuwa nimechoka kiasi cha kulala na viatu na bado nilifungua Deutsche Welle nikasikiza habari zao zinazosomwa polepole, ni za bure na maandishi yake yako hapohapo, bando kidogo tu. Si kwamba nilikuwa na hamu. Nilikuwa najua kuna mtu ananingoja na sitaki afike kwangu nikiwa bubu. Hamu huja na kwenda, mtu hubaki.

Siku ya mtihani Nairobi, kwa Sprechen unapewa mada mbili unachagua moja, unatoa hotuba fupi halafu mnajadiliana na mwenzako. Moja ya zangu iligusa wazee kuishi na familia zao. Niliongea kama mtu aliyefunguliwa. Sprechen ndiyo alama yangu ya juu kuliko zote, mimi niliyeulizwa ninasomea nani.

Pesa bado naitaka, msinielewe vibaya. Nimeshaanza kutuma maombi mwenyewe moja kwa moja kwa waajiri, bila ajenti, na ili upate leseni kamili ya uuguzi kule kwa kawaida watakuuliza B2, kwa hivyo hiki cheti ni mlango pia. Na naanza kusikiliza wazee wa Bavaria wanavyoongea, juu wao wanasalimia Grüß Gott na wa Hamburg wanasema Moin, na Kijerumani cha kitabu hakikutayarishi kwa hilo.

Dada yangu wa Kakamega, usilipe kozi nyingine mwezi huu. Rudi wodini kesho, chagua mgonjwa mmoja, mwongeleshe kichwani kwa B1 hiyohiyo uliyonayo, na ukitoka uandike sentensi zilizokushinda. Ndizo darasa lako. Ukishakuwa tayari kwa mtihani wa Goethe, ile taasisi ya Kijerumani inayotoa cheti, kumbuka kila moduli inapitwa kwa alama 60 kwa 100 na ukianguka Hören unarudia Hören peke yake, si zote nne, kwa hivyo mtu asikulipishe upya yote. Sentensi zangu za wodini ziko kwa daftari, si kwa simu. Jumapili niko ofu, nitazipiga picha nikutumie, na wengine mnaozitaka semeni mapema niwatumie kwa pamoja.