Kuchemsha hakutoi floraidi

Dada wa Maji ya Chai, Arusha, umeuliza kwa nini Wamarekani wanatia madini ya floraidi kwenye maji ya bomba ili kulinda meno wakati sisi tunaambiwa tuitoe, na kama kuchemsha kunamtosha mwanao wa miaka mitatu.

Hakutoshi. Kuchemsha kunaua vijidudu. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inabaki sufuriani na kuzidi makali.

Wenzetu Wamarekani walianza katika mji wa Grand Rapids mwaka 1945, kwa kuwa maji yao mengi yana floraidi kidogo. Kiwango chao ni miligramu 0.7 kwa lita, na wanabishana hadi leo. Huku kwetu miamba ya volkano ya Mlima Meru imeshatutilia, na visima vingi vinapita kikomo cha 1.5 cha Shirika la Afya Duniani.

Kwa hiyo wahi, dada. Meno yake ya ukubwani yanajengwa ndani ya ufizi sasa hivi. Floraidi ikizidi huyatia madoa ya kahawia, na yakishatoka na madoa hayo, mswaki hauyaondoi. Maji yake ya kunywa, ya uji na ya chai yawe ya mvua, au yaliyochujwa kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha Ngurdoto, kinachotafiti njia za kutoa floraidi kwenye maji, kiko jirani yako, kaulize. Mkaa huo huchoka, ubadilishwe. Na magadi kwenye makande, acha kabisa: nayo yana floraidi.

Ya kuogea na kufulia, tumia hayo hayo ya bomba.