Zai, kuhusu hiyo fomu ya uanagenzi

Zai mama, mesej yako niliiona mchana ila ndo muda wa wateja, mafundi wakiwa na njaa hawasubiri mtu, sa hivi nimeosha masufuria nimekaa kwenye ndoo ndo naandika. Umeniuliza kwenye fomu ya uanagenzi wa serikali, ule wa kujifunza ufundi wa friji na viyoyozi karakanani, uandike kwamba una digrii au uifiche, maana rafiki yako kakwambia wakiiona wanakuruka wanachukua form four. Na umeuliza kama naona aibu. Hilo la aibu ngoja kwanza, limeniudhi.

Digrii usiifiche. Kwanza utaifichaje, namba yako ya mtihani wa form four ndo uliyoombea chuo, ndo hiyo hiyo iko bodi ya mikopo, na NIDA unayo moja tu. Wakija kujua hawatakuuliza sababu, watakutoa. Na bodi wenyewe siku ukipata mshahara asilimia 15 yao wanakata, we utajificha mpaka lini.

Ila rafiki yako hajakosea sana. Mwaka wa 19 huu nawapikia mafundi wa hapa Keko, nimeona vijana wanaingia kwenye haya makarakana ya vitanda na makabati na wengi wametoka hata randa hawajaijua, na nnachokwambia ni kwamba fundi haogopi digrii, anaogopa kuachwa. Anakuvumilia miezi, mbao zake umeziharibu, siku ndo mkono umeanza kutulia unapigiwa simu ya usaili Dodoma unaondoka hata kuaga huagi. Alikuwepo mmoja hapa wa hivo, kijana mzuri, mpaka leo ananidai chenji yake au mi namdai sijui, na fundi wake tangu siku ile akisikia neno chuo anageuza uso. Sa we andika digrii mstari mmoja, usijieleze, alafu uandike kwamba mafunzo utayamaliza. Lakini kabla hujaandika hivo jiulize, ile akaunti yako ya kuombea kazi serikalini, Ajira Portal, wakikuita wiki ijayo utafanyaje? Sikwambii uifunge. Nasema kama jibu ni utaondoka basi fomu usijaze, maana hii ya miezi sita ada inalipa serikali na nafasi zenyewe za kugombania, mwachie mtoto wa mwenzio.

Sa tuje kwenye kile ulichoandika pale wanapouliza kwa nini unataka fani hii. Umeandika "naipenda fani hii tangu utotoni na nina ari ya kujifunza". Zai, tangu utotoni ulitaka kuwa hakimu, ulikuwa unawahukumu kuku.

Futa. Andika habari ya friji langu la soda. Unakumbuka lilivokataa kugandisha mwezi wa Ramadhani, fundi akaja akaligusa nyuma akasema gesi imeisha, elfu themanini, nami nikaanza kuhesabu nikope kwa nani. We ukakaa chini ukasikiliza, ukaniita, mama njoo usikie, inaunguruma kidogo alafu inasema tiki inakata, inakaa, inaunguruma tena tiki. Ukasema kompresa inataka kuwaka inashindwa, gesi ikiisha kompresa inazunguka kama kawaida ila baridi ndo haiji. Ukachomoa umeme, ukafungua kile kifuniko cha pembeni ya kompresa ukatoa karilei keusi, kale kanakoiwasha kompresa, ukakatikisa sikioni kwangu kakalia kama punje za mchele kwenye kopo. Tukaenda kununua kengine, bei yake hata nauli ya yule fundi haifiki. Friji likawaka mpaka leo. Andika hivohivo kama nilivoandika mimi, na useme kabisa ulijifunza kwa video za kwenye simu, si dhambi. Anayesoma fomu akiwa ni mwalimu wa karakana atakujua kwenye hilo neno tiki, hiyo ari ya kujifunza kila mtu kaiandika.

Makaratasi usingoje siku za mwisho. Nakala za vyeti, cheti cha kuzaliwa, namba ya NIDA, pasipoti saizi, na barua ya serikali ya mtaa ndo itakusumbua maana utaambiwa mwenye muhuri kaenda msibani, nenda wiki hii hii, mwambie mjomba wako akupeleke kwa mjumbe kwanza. Umri usikutie hofu, wanachukua mpaka 35, we una 25.

Wakikuita uulize. Watoto mnaogopa kuuliza mnaona mtaonekana wakorofi. Uliza karakana utakayopelekwa ni ipi, nauli au posho ipo au haipo, ovaroli na viatu vya nani, ukiumia analipa nani, na mwisho unapata cheti gani, cha VETA au karatasi ya kwao tu. Na choo, Zai. Uliza kama kuna choo cha wanawake. Utacheka ila hapa mtaani kwetu mabinti wawili waliokuja kujifunza vanishi waliacha kwa sababu ya choo, hamna cha ufundi wala nini.

Na wakikukosesha hii ya serikali usikimbilie kuwa saidia fundi tu kama mtoto wa mama mdogo wako, miaka mitatu anabeba mtungi wa gesi anashika tochi, hana cheti na mpaka leo hajawahi kuachiwa afunge AC peke yake. Ukienda kwa fundi wa mtaani nenda na makubaliano, hata ya daftari na shahidi: mwezi wa kwanza nini, wa tatu nini. Ujuzi wa mtaani nao siku hizi unapimwa, VETA wana ule mpango wa RPL, yule fundi wa makochi anayekula kwangu kwa mkopo alikwenda kupimwa baada ya miaka mingi akapewa cheti, kakilamineti kakiweka ukutani kabisa, kwa hiyo kila kazi utakayofanya piga picha, andika tarehe.

Haya, la aibu. Mi nimekusomesha kwa maharage, sijui ulitaka nione aibu ya nini. Labda baba zako wadogo watasema, na wao wakija hapa wanakunywa soda baridi kwenye friji lile lile.

Andika upya unitumie picha kesho kabla ya saa tano, baada ya hapo sishiki simu. Msalimie mjomba na shangazi. Kale karilei kabovu sikukatupa, kako kwenye kopo la chumvi dirishani, ukiitwa kwenye mahojiano nakutumia na basi la asubuhi ukawatikisie.

Mama yako