Ukienda kula baga kwa wakongwe, agiza ile ya kawaida na uile palepale

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia ujumbe ulionichoma. "Dada, nilikusikiliza nikajuta," alianza. Alikuwa amempeleka mchumba wake kwenye mgahawa mkongwe wa baga, wa bei nafuu, kama ile ninayoisifia kila mara hapa. Akaagiza baga ya nyama mbili, bila kitunguu, mayonezi nyingi, kisha akaomba afungiwe wakaile nyumbani. Walipofungua karatasi, mkate ulikuwa umelowa, jibini limegandia kwenye karatasi, na nyama imepoa. Mchumba akauliza kama hiki ndicho kinachosifiwa. Msomaji wangu akamalizia: "Kweli rahisi ni ghali."

Nilimjibu siku ileile, kwa ufupi na kwa upole. Lakini jibu lililokuwa moyoni ni refu zaidi, na najua wengi wenu mna nia moja na mimi: kula vizuri bila kuumiza mfuko, na kuelewa mnachokula. Kwa hiyo nalimwaga lote hapa.

Nilianza kwenda kwenye migahawa ya namna hii nilipopata kazi ya kwanza, mshahara ukiwa wa kodi ya chumba na nauli. Ule wa kwanza ulikuwa mwembamba, viti vya duara vimefungwa sakafuni kwa skrubu, menyu imeandikwa ukutani kwa rangi iliyoanza kubanduka. Nafasi iliyobaki ilikuwa kaunta, mbele kabisa ya jiko. Nikakaa. Nashukuru mpaka leo kwamba meza zote zilikuwa zimejaa, maana nisingeona nilichokiona.

Mpishi, mzee mmoja asiye na maneno mengi, alichota donge dogo la nyama ya kusaga akaliweka juu ya bamba la chuma lililopata moto sawasawa. Akanyunyiza chumvi hapohapo, si kabla. Akarushia juu yake konzi nzima ya kitunguu kilichokatwa nyembamba hadi mwanga unapenya. Kisha akashika mwiko bapa wa chuma kwa mikono miwili, akakandamiza kwa uzito wa mwili wake wote mpaka nyama na kitunguu vikawa kitu kimoja. Akaiacha. Hakuigusa tena. Kingo zikaanza kuchuruzika mafuta, zikageuka kahawia, zikatoboka vitundu vidogovidogo kama lesi. Ndipo akapitisha makali ya mwiko chini yake, akakwangua kwa nguvu, akaigeuza mara moja tu. Sasa kitunguu kikawa chini, kinaiva ndani ya mafuta ya nyama. Jibini likaja juu, na juu ya jibini vipande vyote viwili vya mkate, ili mvuke wa kitunguu upande uulainishe. Sekunde chache, na baga ikawa mbele yangu kwenye kipande cha karatasi.

Nilipouma, nilinyamaza. Nilikuwa nimeshakula baga kwenye sehemu zenye vitambaa vya meza, nyama nene, majani matatu ya aina tofauti na kijiti cha kushikilia mnara wote usianguke. Hakuna iliyokuwa na ladha hii.

Tangu hapo nimesoma kila nilichokipata kuhusu kile nilichokiona, kwa sababu nilitaka kujua, si kusifia tu. Ile rangi ya kahawia ndiyo ladha yenyewe. Mkemia Mfaransa, Louis-Camille Maillard, alieleza mwaka 1912 jinsi sukari na viini vya protini vinavyogeuka vikipata joto, na mpaka leo wapishi huuita mgeuko huo kwa jina lake. Mgeuko huo unataka joto kali, nyuzi 140 za Selsiasi hivi kwenda juu, na maji yakiwa bado usoni mwa nyama joto halivuki 100. Sasa ukikandamiza donge likiwa bichi, nyama yote inagusa chuma, maji ya usoni yanakauka mara moja, kahawia inashika. Ukikandamiza baadaye, nyama ikiwa imeshapata moto na mafuta yameyeyuka, unaikamua inabaki kavu. Mzee yule alikandamiza mara moja, mwanzoni. Na chumvi? Ukiichanganya mapema ndani ya nyama ya kusaga, inalegeza protini, kisha zinashikana, na baga inakuwa ngumu yenye kuvutika, karibu na soseji. Ndiyo maana hakuichanganya mapema, aliinyunyiza nyama ikiwa tayari juu ya chuma. Hata mafuta yana hesabu yake: nyama ya baga nzuri huwa na mafuta asilimia 20 hivi, maana iliyokonda sana hukauka kabla ya kushika rangi.

Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji bei kubwa. Kinahitaji mkono uliorudia kazi ileile miaka mingi, na chuma ambacho mafuta yameshikana nacho kwa joto mpaka yakawa ngozi nyororo isiyogandisha chakula.

Sasa nirudi kwa wale wanaosema rahisi ni ghali. Baga ilizaliwa ikiwa chakula cha bei ndogo, na urahisi wake ulipangwa kwa akili. Mwaka 1921 huko Wichita, jimbo la Kansas nchini Marekani, mpishi Walter Anderson na mshirika wake Billy Ingram walifungua White Castle wakiuza baga ndogo kwa senti 5. Wakati ule Wamarekani wengi waliiogopa nyama ya kusaga, hawakujua nini kimetiwa ndani. Wao wakajenga vibanda vyeupe, wakaweka vyombo vya chuma king'aacho, na nyama ikakaangwa mbele ya macho ya mteja. Jiko lilikuwa wazi ili mteja aamini. Mnaposhangaa kwa nini migahawa ya zamani ina kaunta inayotazama jikoni, jibu liko hapo.

Huko El Reno, jimbo la Oklahoma, baga ya kitunguu niliyoieleza hapo juu ilitokana na uhaba: nyama ilikuwa ghali, kitunguu bei chee, wapishi wakakandamiza kitunguu kingi ndani ya nyama kidogo ili mteja ashibe. Hali ya uchumi ikatengemaa na watu wakaendelea kuidai, kwa sababu ilikuwa tamu. Kisha mwaka 1948 ndugu wawili, Richard na Maurice McDonald, walifunga mgahawa wao wa San Bernardino, California, uliokuwa unalipa vizuri tu, wakaufungua upya ukiwa na menyu ya vitu 9 na baga ya senti 15. Waliondoa wahudumu wa kupeleka chakula kwenye magari, wakaondoa sahani, visu na uma. Kila walichokiondoa kilishusha bei. Kwa hiyo unapoona menyu fupi na karatasi badala ya sahani, usidhani umedharauliwa. Pesa yako imekwenda kwenye nyama na mkate.

Naandika kwa ukali kidogo kwa sababu jambo hili limenigusa mimi mwenyewe. Nilipopandishwa cheo niliwaalika wenzangu wa kazini kwenye ule mgahawa wangu. Nilikuwa na uwezo wa kuwapeleka kwingine. Niliwapeleka pale kwa sababu ndipo penye chakula ninachokiheshimu. Mmoja wao, kwa sauti ya kutaka kusikika, akasema, "Bosi mpya anatulisha kwa bei ya wanafunzi." Wakacheka. Mzee aliyekuwa jikoni alisikia, nikaona mkono wake umesimama kidogo kabla ya kuendelea kukwangua. Nilimwambia, "Samahani, mzee wangu." Akajibu, "Hakuna neno, mama. Wakila watanyamaza." Na kweli walinyamaza, wakaongeza oda. Lakini maneno yale bado yananiuma, na sitasingizia kwamba nimesahau. Kinachonifariji ni kwamba wawili kati ya waliocheka sasa ni wateja wa kudumu pale. Nikiingia nawakuta wamekaa kaunta, vidole vina mafuta, na wananiita tukae pamoja.

Jamani, tuache kupima chakula kwa kiti kilichokaliwa. Mgahawa uliodumu miongo mitatu, minne, ukiuza kitu kilekile kwa bei ya chini, haudumu kwa huruma ya majirani. Faida ya kila baga ni ndogo mno, kwa hiyo wasiporudi wateja walewale mlango unafungwa. Mkongwe wa bei nafuu amepita mtihani ambao wale wa taa za rangi hawajaufanya bado.

Basi mdogo wangu uliyeniandikia, na wengine mliokwama palepale, safari ijayo agizeni baga ya kawaida. Ile ya juu kabisa kwenye menyu, au ile ambayo watu watatu mbele yako kwenye foleni wameitaja. Usiondoe kitunguu kama hakikudhuru, kwa sababu mvuke wake ndio unaolainisha mkate na kuipa nyama utamu. Usiongeze nyama ya pili mara ya kwanza, maana baga nyembamba imepimwa ilingane na mkate wake. Na usidai sosi ambayo hawana. Louis' Lunch ya New Haven, jimbo la Connecticut, wanaosema wanauza baga tangu 1900, huchoma nyama kwenye majiko ya chuma yaliyosimama wima, huiweka kati ya vipande vya mkate wa tosti, na hawakupi kechapu wala haradali. Wateja wanaendelea kuja. Onja kwanza walivyoitengeneza, ndipo uwe na maoni.

Kisha ule palepale. Nalisema tena kwa sababu hapa ndipo ulipoharibikiwa: ule palepale, ndani ya dakika chache. Kingo zilizokauka vizuri hufa zikifungiwa na mvuke. Jibini lile la vipande limetengenezwa na chumvi maalumu zinazoshika mafuta na maji pamoja, ndiyo maana linayeyuka laini bila kutoa mafuta, lakini likipoa linagandia popote. Hakuna baga nyembamba inayostahimili safari ya daladala. Kama unampeleka mtu unayempenda, mpeleke akae kaunta, aone mwiko ukikandamiza, asikie nyama inavyolia. Nenda baada ya msongamano wa mchana kupungua, mpishi ana nafasi na wewe una kiti. Msalimie. Ukirudi mara ya pili atakukumbuka, na ya tatu atakuuliza, "Ile ile?"

Tena agiza ya kawaida. Najua nimeshasema.

Ila kuna wakongwe waliochoka, na hao siwatetei. Kabla ya kukaa tazama bamba la chuma. Likiwa na masizi meusi yaliyorundikana na hakuna anayelikwangua kati ya oda moja na nyingine, nyama yako itaonja uchungu wa jana. Ukisikia harufu ya mafuta ya chipsi yaliyochakaa tangu mlangoni, ukiona nyama zimekaangwa mapema zimepangwa pembeni zikisubiri wateja, geuka uondoke. Na nyama ya kusaga ya ng'ombe si kama kipande kizima: vijidudu vya juu ya nyama husagwa vikaingia ndani, kwa hiyo wataalamu wa usalama wa chakula wa Marekani hutaka ifike nyuzi 71 mpaka katikati. Baga nyembamba hufika hapo upesi. Ukikuta nene na ndani bado mbichi, irudishe, mwombe aiweke tena kwenye chuma. Mpishi anayeijua kazi yake ataipokea bila kununa.