Jibu: Kikomo cha kasi kwenye poti ya swichi hakifanyi kazi
Mkuu, kwa hiyo umeweka kikomo cha megabiti 5 kwenye poti ya wageni (tundu la kebo kwenye swichi, kile kifaa cha kugawa mtandao) hapo gesti, Mwanga, Kigoma, na bado wanapakua kwa kasi yote. Nadhani umeweka upande wa kuingia tu. Swichi inahesabu kwa upande wake yenyewe: kinachoingia ni kile mgeni anachotuma, kinachotoka ndicho anachopakua. Weka kikomo cha kutoka. Swichi nyingi zinataka kilobiti, andika 5000. Kama yako haina kikomo cha kutoka (baadhi ya za bei rahisi zina tabia hiyo), fanyia kwenye ruta, kifaa kinacholeta intaneti hapo. Kasi ikishuka chini kuliko ulivyopanga, ongeza ukubwa wa basti (data inayoruhusiwa kupita kwa mkupuo); pakiti, yaani vipande vya data, zikitupwa sana, TCP (utaratibu unaosimamia utumaji wa data) inapunguza kasi yenyewe. Halafu hifadhi mipangilio, la sivyo umeme ukikatika unaanza upya.