Mtoto Msituni: Msimkimbize

Mwanangu ana miaka 3. Katika Msitu wa Karura, Nairobi, tutembee kilomita ngapi?
Kila likizo naulizwa hili, na anayetaka kilomita huwa mzazi. Mtoto akimwona jongoo amejikunja, atachuchumaa hapo hapo, na matembezi yenyewe ndiyo hayo. Mita hamsini kwa dakika ishirini si haba. Lakini watu wameshaapa lazima wafike kwenye maporomoko ya maji na mapango ya Mau Mau kabla ya saa sita, basi utamwona baba mkono mmoja unaburuta mtoto, wa pili umeshika simu. Geuzeni akiwa bado anarukaruka, la sivyo mtarudi mmembeba, naye analia. Wageni wa mambo haya waanzie Arboretum, bustani ya miti ya Nairobi: hekta 30 hivi, miti mingi ina vibao vya majina, na lango haliko mbali.

Kigari cha mtoto kinapita?
Kwenye barabara pana, ndiyo. Kwenye vijia vya kushukia mtoni, hapana. Leso ya kumbeba mtoto mgongoni inapita kote.

Watoto hupenda kuwapa kima ndizi. Kuna ubaya?
Upo, nami nimeshasema mpaka nimechoka. Kima aliyezoeshwa kulishwa haombi tena, ananyang'anya, na wa kwanza kunyang'anywa ni mtoto. Akiuma au kukwaruza, osheni jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Msingoje livimbe.

Maji ya chupa tununue njiani?
Chupa za plastiki za kutupwa zimepigwa marufuku misituni na mbugani tangu 5 Juni 2020, na bado naulizwa! Chukueni chupa ya kudumu, mjaze nyumbani. Na mtoto asichezee maji ya mto. Yamepita mitaani kabla ya kufika msituni.

Binti yangu aliumwa na siafu, sasa hataki kurudi.
Ana haki. Mvua ikinyesha siafu huvuka njia kwa misafara, na mtu mzima anayetafuta ndege juu ya miti hawaoni. Soksi ndefu, suruali ndani ya soksi. Wakimpanda, mwondoe kwanza penye msafara, ndipo umvue na kuwang'oa mmoja mmoja. Kupangusa hakusaidii, wameng'ata. Usimwambie "si kitu". Mpe muda, na siku akikubali, chagueni siku kavu.

Kwa nini nilipe kiingilio kuona miti tu?
Kwa sababu miti hiyo nusura isiwepo. Januari 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walipigwa Karura walipokwenda kupanda miti, wakipinga msitu kugawiwa wajenzi. Lipa. Kisha msimulie mtoto kisa hicho njiani, badala ya kumpa simu.