Kabla ya Kununua Vishikwambi: Masomo ya Mtandaoni katika Shule ya Kutwa

Tangu gredi ya 10, yaani mwaka wa kwanza wa sekondari ya juu, ianze Januari 2026, swali ninaloulizwa mara nyingi na walimu wenzangu wa shule ndogo za umma, kuanzia Luanda na Mbale hadi Kakamega, magharibi mwa Kenya, ni jinsi shule yenye walimu wachache inavyoweza kumfundisha mwanafunzi somo lisilo na mwalimu. Mtaala mpya una njia tatu, yaani sayansi na teknolojia, sayansi ya jamii, na sanaa na michezo, na mwanafunzi anatarajiwa kuchagua masomo kulingana na kipawa chake. Lakini katika shule ya kutwa ya kaunti ndogo uchaguzi huo huishia pale orodha ya walimu inapoishia. Mtoto anayetaka Kompyuta au Kifaransa, ambaye wazazi wake hawana karo ya shule ya bweni, huambiwa achukue Biashara na mambo yanaishia hapo. Mimi ni mwalimu wa hisabati na fizikia katika shule ya namna hiyo, na kwa miaka kadhaa nimesimamia vipindi vya masomo ya mtandaoni. Ninachowaambia wakuu wa shule na bodi za usimamizi ni kwamba kozi ya mtandaoni hufaulu ikiwekwa kwenye ratiba na kupewa mtu mzima wa kuisimamia, na hufa ikiachiwa mwanafunzi na simu ya mzazi.

Mwaka 2020 ulitosha kutuonyesha hilo. Shule zilipofungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, ilipeperusha masomo kwa redio, televisheni na mtandao, na masomo yenyewe hayakuwa mabaya hata kidogo. Tatizo ni kwamba katika nyumba nyingi za huku kwetu simu janja ni moja, na mwenye simu ni baba anayetoka nayo alfajiri kwenda kwenye bodaboda na kurudi nayo usiku ikiwa haina chaji wala bando. Watahiniwa wa kidato cha nne waliporejea tarehe 12 Oktoba mwaka huo, wengi niliozungumza nao darasani hawakuwa wamefungua hata somo moja, na miongoni mwao walikuwemo wanafunzi wenye bidii ambao sikuwahi kuwasukuma kwa lolote.

Kwa hiyo, mkuu wa shule anayekuja kuniuliza anunue vishikwambi vya aina gani, humwomba kwanza anitajie somo. Mambo yanayoitwa masomo ya mtandaoni ni mengi na hayafanani. Kuna somo litakalotahiniwa na KNEC, yaani Baraza la Mitihani la Taifa, kuna kozi ya ujuzi isiyo na mtihani, na kuna video za kumsaidia mwanafunzi aliyebaki nyuma. Kila moja lina masharti yake.

Hilo la kwanza ndilo gumu zaidi, na ndilo shule nyingi huingia bila kusoma mahitaji ya mtihani. Wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne walio shuleni sasa bado watafanya KCSE, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ambao utafanywa kwa mara ya mwisho na kundi la mfumo wa zamani wa 8-4-4 mwaka 2027. Katika mtihani huo somo la Kompyuta lina karatasi ya nadharia, karatasi ya vitendo, na mradi ambao mtahiniwa huufanya akiwa shuleni chini ya uangalizi wa mwalimu. Nadharia inaweza kufundishwa vizuri sana kwa video na mazoezi ya mtandaoni, lakini mradi unahitaji mtu wa kuukagua hatua kwa hatua. Kifaransa nacho kina sehemu ya mazungumzo ambapo mtahiniwa huzungumza na mtahini ana kwa ana, na hakuna programu iliyowahi kumzoeza mtoto wa Vihiga kujibu swali la papo kwa hapo akiwa na hofu. Kama shule yenu haiwezi kupata mwalimu wa kuazima kutoka shule jirani kwa ajili ya sehemu hizo, basi usimsajili mwanafunzi. Mpe kozi hiyo kama ujuzi tu na umwambie hivyo mapema. Kuhusu kemia sina mengi ya kusema: video ya upimaji wa asidi haimfundishi mtu kushika bureti, ule mrija wa kupimia kimiminika.

Kozi za ujuzi, kwa mfano kuandika programu za kompyuta, uhasibu wa msingi au uandishi, ni rahisi zaidi kuanzisha kwa kuwa hakuna mtihani wa taifa unaozisubiri. Onyo langu hapa linahusu vyeti. Majukwaa kama Coursera na edX yana kozi nyingi ambazo mtu anaweza kuzisikiliza bure, nzima au sehemu tu, lakini cheti mara nyingi hulipiwa, na nimeona wazazi wakikamuliwa fedha kwa matumaini kwamba cheti hicho kitamwingiza mtoto chuoni. KUCCPS, shirika la serikali linalogawa nafasi za vyuo, huwapanga wanafunzi kwa alama za KCSE. Mwanafunzi ajifunze, lakini fedha za cheti zinunue vitabu.

Kundi la tatu ndilo linalonitia wasiwasi. Shule zetu zina mazoea ya kuwapeleka wanafunzi dhaifu kwenye chumba cha kompyuta ili mwalimu aendelee na wenye uwezo. Nchini Marekani, ambako jimbo la Florida lilianzisha shule ya umma ya mtandaoni mwaka 1997 na Michigan ikaamua mwaka 2006 kwamba kila mwanafunzi wa sekondari apitie somo au mafunzo ya mtandaoni kabla ya kuhitimu, watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa shule za umma za Chicago walioanguka aljebra na kulirudia somo hilo wakati wa likizo. Waliorudia mbele ya kompyuta waliliona somo kuwa gumu zaidi na wakapata alama za chini kuliko waliorudia wakiwa na mwalimu ubaoni. Niliposoma habari hizo sikushangaa. Anayeweza kujifunza peke yake kwa skrini ni yule aliyekwisha kujua namna ya kujifunza, na aliyeshindwa na nambari hasi anahitaji mtu wa kuona ni wapi kalamu yake ilikwama. Mpeni dhaifu mwalimu, na mwenye kiu ya somo lisilofundishwa mpeni kompyuta.

Vifaa havihitaji kuwa vingi. Sisi hutumia Kolibri, programu ya bure iliyotengenezwa na shirika la Learning Equality, ambayo huwekwa kwenye kompyuta moja pamoja na masomo yaliyokwisha kupakuliwa, yakiwemo ya Khan Academy. Wanafunzi huyafikia kwa wifi ya ndani ya chumba bila kutumia intaneti wala bando hata senti moja. Mwalimu mmoja hupakua masomo akiwa mjini Kisumu penye mtandao mzuri, kisha huyaleta kwenye diski. Anayenunua vishikwambi vingi kabla ya kuamua haya atajikuta amevifungia kabatini, kama ilivyotokea katika baadhi ya shule za msingi baada ya serikali kuanza kusambaza vifaa vya kidijitali mwaka 2016.

Jambo ambalo hakuna mwongozo utakaokuambia ni mvua. Ukanda wetu hunyeshewa alasiri, na mvua ya Kakamega ikianza kupiga mabati hata mwalimu anayefoka hasikiki, sembuse video. Stima nayo hukatika papo hapo. Tulihamisha vipindi vyote hadi asubuhi, kabla ya mapumziko ya saa nne, na tukaanza kuchagua masomo yenye maandishi chini ya picha. Mabadiliko hayo mawili yalifanya kazi kubwa kuliko kompyuta zozote tulizoongezewa.

Msimamizi wa kipindi si lazima alijue somo. Wa kwetu wa Kompyuta ni mwalimu wa Kiswahili. Kazi yake ni kuhakikisha kila mwanafunzi ana daftari, ameandika kichwa cha somo alilotazama, ametatua mazoezi kwa mkono, na amebakisha swali moja lililomshinda. Binti mmoja wa kidato cha tatu aliwahi kuandika kwa wino mwekundu: “Kwa nini hapa 1 + 1 ni 10?” Alikuwa ameisimamisha video ya mfumo wa nambari za jozi, unaotumia 0 na 1 pekee, na kuirudia mara kadhaa. Msimamizi hakujaribu kujibu. Alipiga picha ukurasa huo, akautuma kwa mwalimu wa Kompyuta wa shule kubwa iliyo karibu, na jibu likarudi kwa sauti ya WhatsApp kabla ya chakula cha mchana. Mwalimu huyo wa mbali ndiye anayeligeuza somo la mtandaoni kuwa somo, na ni haki shule imlipe nauli aje kuwaona wanafunzi angalau mara moja kwa muhula.

Wazazi waitwe mapema. Katika mkutano mmoja mama aliinuka akasema, “Mwalimu, naomba kuelewa. Hii simu mnataka tumnunulie, ni ya masomo au ni ya TikTok?” Nilimjibu, “Mama, hatutaki simu. Kila kitu kitafanyika shuleni na kubaki shuleni.” Upinzani uliisha hapo hapo. Hata hivyo, idhini yao iandikwe na kutiwa sahihi, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inataka ridhaa ya mzazi au mlezi kabla ya taarifa za mtoto kushughulikiwa, na kumfungulia mwanafunzi akaunti kwa jina lake kamili na tarehe ya kuzaliwa ni kuzishughulikia. Sisi hutumia namba ya usajili ya shule badala ya jina.

Kuhusu gharama, mgao wa serikali wa shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka umekwisha pangiwa matumizi na mara nyingi huchelewa, kwa hiyo usitegemee kununua chochote kipya kwa fedha hizo. Kompyuta zilizotumika, zenye betri iliyochoka lakini diski nzima, zinatosha. Anza na somo moja, kundi dogo, muhula mzima, na mwishoni mwa muhula mkuu wa masomo akusanye madaftari na kuyapitia yeye mwenyewe kabla bodi haijaombwa kuongeza somo la pili.