Video ya kamera ya jirani: je, mahakama itaipokea?

SWALI: Ndugu Mwanasheria, ninauza vitenge Kariakoo. Hivi karibuni marobota yangu yaliibwa usiku, na kamera ya duka la jirani ilimrekodi mtu anayefanana na kijana aliyekuwa akitubebea mizigo, akiyapakia kwenye bajaji. Jirani alinitumia video hiyo kwa WhatsApp, nami nimekwisha kutoa taarifa polisi. Mpelelezi anasema video iliyo kwenye simu yangu haitoshi, ilhali mdogo wangu anasisitiza kwamba sheria ya sasa inakubali ushahidi wa kielektroniki. Nimsikilize nani?
Mama Muuza Vitenge, Dar es Salaam

JIBU: Pole sana, mama, kwa hasara iliyokupata. Mdogo wako amesema kweli kuhusu sheria, lakini ushauri wa kufuata leo ni wa mpelelezi.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinazuia ushahidi kukataliwa kwa sababu tu ya kuwa katika mfumo wa kielektroniki. Hata hivyo, kifungu hichohicho kinaitaka mahakama, inapoamua kuupokea ushahidi huo na kuupima uzito wake, iangalie kama njia iliyotumika kuutengeneza, kuuhifadhi na kuusafirisha inaaminika, na kama haukuguswa wala kubadilishwa njiani. Hapo ndipo video yako inapokuwa dhaifu. WhatsApp huibana video ili iwe nyepesi kutumwa, na katika kufanya hivyo ubora wa picha hupungua na taarifa nyingi zinazoambatana na faili la awali hupotea. Wakili wa mshtakiwa akiuliza ni nani aliyeikata, ilianzia saa ngapi na nini kilitokea kabla yake, wewe hutakuwa na jibu, kwa sababu hukuirekodi wala huitunzi mashine iliyoirekodi.

Anayeweza kujibu ni jirani yako, au yeyote anayesimamia kamera zake. Ndiye atakayeieleza mahakama kwamba mashine ilikuwa ikifanya kazi vizuri usiku ule, saa yake ilikuwa sahihi au ilipishana kwa dakika kadhaa, na jinsi faili lilivyotolewa humo. Mashine nyingi za kurekodi hufuta picha za zamani zenyewe nafasi inapojaa, kwa hiyo kila siku inayopita ni hatari kwa kesi yako. Mwombe mpelelezi aende dukani mapema, achukue faili la awali au mashine yenyewe, na makabidhiano yaandikwe na kusainiwa: nani alitoa, nani alipokea, lini, na kielelezo kimehifadhiwa wapi. Nimeona watu wakipuuza karatasi hizo kana kwamba ni urasimu mtupu, nami nasikitika kila mara, kwa maana zinamlinda mlalamikaji na mshtakiwa pia.

Kuna jambo jingine ambalo hukuliuliza, nalo ni zito zaidi. Wewe mwenyewe umeandika kwamba mtu huyo “anafanana” na kijana wenu. Video ikipokelewa, bado swali litabaki: ni yeye kweli? Katika kesi ya Waziri Amani dhidi ya Jamhuri ya mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ilionya kwamba ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu na ni rahisi kukosea, na ikataka yapimwe mambo kama umbali, mwanga, muda wa kumtazama na iwapo shahidi alimfahamu mtu huyo kabla. Kesi ile ilihusu mashahidi walioona kwa macho yao, lakini maswali yale yanafaa sana kwa picha ya usiku. Basi ukihojiwa, eleza unachokiona na sababu ya kumtambua, kama vile mwendo wake au nguo uliyozoea kumwona nayo, wala usiongeze neno.

Tafadhali usiisambaze video hiyo kwenye makundi ya wafanyabiashara. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa kabla haijathibitika kuwa anayo hatia, na huyu hata kushtakiwa bado. Zaidi ya hayo, shahidi aliyemwona kwanza kwenye kundi huku jina lake limekwisha kutajwa, utambuzi wake hautaaminika.

Jirani akisita kutoa ushahidi, mjulishe mpelelezi mapema, kwa kuwa mahakama ina uwezo wa kumpelekea shahidi hati ya wito, na akishaipokea hana hiari ya kutofika.